Kuosha maiti: Tujiandae kabla maradhi hayajabisha hodi

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, mkoa wa Kagera umekwishaingiliwa na maradhi ya Marburg mara mbili. Machi 2023 walifariki watu sita, miongoni mwao mhudumu wa afya. Januari 2025 yakazuka tena wilayani Biharamulo, wakafariki kumi, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huo. Tunawapa pole wote waliofiwa.

Leo tunataka kuligusa jambo ambalo wengi huona uzito kulitamka. Virusi vya Marburg huambukiza kwa majimaji ya mwili, na haviondoki pale roho inapotoka. Anayemuosha maiti huyo kwa mikono mitupu hujihatarisha yeye na watu wa nyumbani kwake. Nasi tumelelewa tukijua kuwa kumuosha maiti ni faradhi ya kutoshelezana, na kwamba kuiacha ni kumdhalilisha ndugu yetu. Kwa khofu hiyo, mfiwa anaweza kushawishika kumficha mgonjwa wake asipelekwe hospitali.

Wanazuoni wetu hawakutuacha gizani. Maiti asiyeweza kuoshwa hutayamamishwa. Na ikiwa hata kumgusa kuna madhara, wapo waliosema kuwa wajibu huo huanguka, ikabaki kumsalia na kumzika. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata habari za tauni ya Sham akiwa njiani, alirejea Madina. Alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka katika kadari moja kuelekea nyingine.

Kosa letu ni kungoja. Hukumu hii haisomeshwi mbele ya jeneza, macho yakiwa na machozi. Tunawaomba maimamu waisomeshe sasa, katika khutba na darsa, na kila msikiti uwafunze waoshaji wake, wake kwa waume, kupiga simu namba 199 kabla ya kugusa maiti wanayemtilia shaka. Na wakuu wa afya tunawaomba wakae na masheikh mapema, wakubaliane jinsi wafiwa watakavyosimama kwa mbali, wakashuhudia ndugu yao akisaliwa na kuzikwa kwa heshima.

Mfiwa aliyefahamishwa mapema hatomficha mgonjwa. Wabillahi tawfiq.