Programu Huria na Mwenye Duka wa Moiben
Mwenye duka la pembejeo huku Moiben, katika Kaunti ya Uasin Gishu, auzaye mbegu za mahindi na dawa za ng'ombe kwa wakulima ambao aghalabu hulipa baada ya mavuno, hana mali iliyo azizi kwake kuliko orodha ya wadeni wake. Na orodha hiyo, ambayo zamani ilikaa katika daftari chini ya meza, siku hizi imehamia ndani ya kompyuta, inakohifadhiwa na programu ambayo mara nyingi ni nakala ya wizi iliyotiwa na fundi wa mjini kwa ujira mdogo. Namnasihi mtu huyo, na kila mwenye kompyuta nyumbani, aiache nakala hiyo ahamie kwenye programu huria, yaani zile ambazo watungaji wake wameyaweka hadharani maandiko yake ya ndani, na kumruhusu kila mtu kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha bila ya kuomba idhini.

Wala asidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Mpango wa AMPATH, ulioasisiwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ili kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI, ulipopata wagonjwa wengi kupita kiasi, ilidhihirika kwamba mfumo wa kumbukumbu uliojengwa juu ya Microsoft Access, uliotosha kituo cha afya cha Mosoriot, haungeweza kuubeba mzigo huo. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wakaanza kutunga OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ambayo mwaka 2006 ilianza kutumika hapa hapa Eldoret. Na kwa kuwa ilikuwa huria, Rwanda iliichukua mwaka huo huo, na KenyaEMR, itumikayo leo katika vituo vya afya vya Kenya, imejengwa juu yake. Ikiwa siri za wagonjwa wetu zimeaminiwa programu ya namna hiyo, sioni kwa nini hesabu za mbolea zisiaminiwe.

Tena huu ndio wakati wa kuhama: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikubaliki kwa Windows 11. Kompyuta kama hizo Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, huzipokea bila ada, na LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, hufungua barua na majedwali ya kila siku. Hata wajibu wa kutoa ankara za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato (KRA) haumfungi mtu kwa Windows, maadamu eTIMS Lite, mfumo wa kutolea ankara hizo, hupatikana mtandaoni kupitia eCitizen.

Nakiri kwamba majedwali yenye amri nyingi za Excel huharibika yakihamishwa, na kwamba mafundi waijuao Linux ni haba. Basi mhasibu asiyeweza kuiacha Excel na ainunue kwa halali, kwani Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huzilinda programu za kompyuta kama ilindavyo vitabu, na mwenye nakala ya wizi hana wa kumlalamikia siku orodha yake ya wadeni itakapopotea.

Kuhusu uhaba wa mafundi, rai yangu naielekeza kwa Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichoko Chepkoilel, na kwa vyuo vya ufundi vya kaunti: watumeni wanafunzi wenu wa kompyuta madukani Moiben wakati wa mafunzo ya nje, wawahamishie wafanyabiashara hesabu zao na kuwafundisha kuzitunza.