Tujenge Nyumba ya Kupimia Upepo

Mwaka 1922 Lewis Fry Richardson wa Uingereza alichapisha kitabu kuhusu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu. Ndani yake aliweka hesabu aliyoifanya kwa mkono wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa akihudumia majeruhi kwa gari la wagonjwa nchini Ufaransa. Alitaka kujua kanieneo ya hewa katika eneo moja la Ulaya ya Kati ingebadilika kiasi gani katika saa sita za tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake: ingepanda kwa milibari 145. Hali halisi ya siku hiyo ni kwamba kanieneo haikusogea kwa kiasi cha kutajika. Hakuna dhoruba inayoweza kufanya lile ambalo hesabu yake ilidai, na Richardson alilijua hilo. Hata hivyo alilichapisha jibu lake pamoja na hatua zote zilizomfikisha hapo, ili wengine watafute lilipoharibikia.

Walilipata. Milinganyo yake ilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa kwenye vipimo alivyoanza navyo: upepo uliopimwa kwa maputo katika vituo vichache, wenye makosa madogo ambayo hesabu iliyakuza hadi yakameza jibu zima. Miongo mingi baadaye Peter Lynch wa Ireland aliirudia kazi ile kwa data zilezile, ila alizisawazisha kwanza, na mabadiliko yaliyopatikana yakawa ya kawaida kabisa.

Toleo hili linahusu uigaji wa mwendo wa hewa kwa kompyuta katika kazi za uhandisi, na nimemtanguliza Richardson kwa sababu naamini tumesimama mahali aliposimama yeye. Nguvu ya kuhesabu tunayo. Tangu mwaka 2004 programu ya OpenFOAM inapatikana bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura anaweza kuigiza upepo unaopiga jengo, jambo ambalo miaka ya sabini lilihitaji mashine ya chuo kizima. Tunachokosa ni vipimo vya kuilisha hesabu hiyo na vya kuihukumu. Bila hivyo, picha zenye rangi nyekundu na buluu zinazojaza tasnifu zetu hazituambii lolote la kuaminika kuhusu nyumba zetu.

Tuangalie hesabu yenyewe inavyofanya kazi. Eneo la hewa, tuseme chumba au mtaa, linagawanywa katika seli ndogo ndogo, pengine mamilioni. Kwa kila seli kompyuta inatafuta kasi na kanieneo ambazo zitahakikisha kwamba hewa inayoingia na inayotoka zinalingana, na kwamba nguvu zote zimehesabiwa. Milinganyo inayotumika ina umri mkubwa: Claude-Louis Navier aliiandika mwaka 1822, George Stokes akaikamilisha mwaka 1845. Ingekuwa tunaweza kuitatua kikamilifu, mjadala ungeishia hapo. Lakini hewa inapopita kwa kasi juu ya kitu kikubwa inavurugika, na ndani ya mvurugiko huo kuna vizingia vya upana wa mtaa na vingine vya milimita chache, vyote kwa wakati mmoja. Kuvifuata vyote kuzunguka ghorofa moja tu kunahitaji seli nyingi kupita uwezo wa mashine yoyote iliyopo.

Kwa hiyo wahandisi huhesabu wastani, na athari ya msukosuko hukadiriwa kwa modeli. Inayojulikana zaidi ni ya k-epsiloni, iliyokomazwa na Brian Launder na Brian Spalding pale Imperial College, London, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Ndani yake mna namba thabiti, na moja ya hizo ni 0.09. Nawaomba vijana wanaotumia modeli hii waitazame namba hiyo kwa makini, kwa kuwa programu huwawekea bila kuwauliza. Haikutokana na nadharia tupu. Ilitokana na vipimo vya maabara, vya mikondo rahisi ya hewa iliyochunguzwa kwa subira na watu waliokaa na vyombo vyao kwa miaka. Kila anayebonyeza kitufe cha kuanza hesabu anaazima jasho lao, na anaazima pia mipaka ya kile walichokipima.

Mipaka hiyo inaonekana mapema mno katika majengo. Upepo ukigonga ukuta wa mbele wa nyumba, modeli ya kawaida ya k-epsiloni huzalisha msukosuko mwingi kupita ule wa kweli mahali pa mgongano. Matokeo yake, hewa iliyohesabiwa inang'ang'ania paa, ilhali hewa halisi huachana na paa kwenye ukingo wa mbele, hujikunja, na kurudi nyuma juu ya bati. Hapo kwenye ukingo ndipo paa hunyonywa kwenda juu. Kila aliyeishi katika nyumba ya mabati anajua ni pembe ipi ya paa inayoanza kupiga kelele upepo unapozidi. Ni pale ambapo modeli tunayoipenda ina udhaifu, na mtu hawezi kuugundua udhaifu huo kwa kutazama picha, maana picha hutoka nzuri vilevile.

Uligunduliwa kwa kupima. Katika uwanja wa wazi huko Silsoe, Bedfordshire, taasisi ya utafiti ilisimamisha mchemraba wa mita 6 kwa kila upande. Haukuwa nyumba ya mtu wala ghala la kitu chochote. Ulijengwa upigwe na upepo wa kweli huku matundu ya kupimia kanieneo yakiwa yamepangwa ukutani na juu ya paa. Baadaye ukafunguliwa madirisha mbele na nyuma ili kuchunguza hewa ipitayo ndani. Umbo sahili namna ile, mahali palipopimwa vizuri namna ile, likawa mtihani ambao watafiti wa nchi nyingi wamezipitishia modeli zao. Zilizofeli zilirekebishwa au zikawekewa tahadhari. Nathubutu kusema kwamba mchemraba ule umeifaa fani hii kuliko kompyuta nyingi za bei mbaya.

Sasa tuje kwetu. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye ukumbi unaopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani na vyumba huku na huku, ni mtambo wa kupitisha hewa uliobuniwa bila kompyuta. Je, inapitisha hewa kiasi gani? Upepo wa kaskazi ukija ana kwa ana na mlango, swali ni jepesi, na modeli ya wastani italijibu vizuri. Lakini upepo ukipita sambamba na ukuta wenye madirisha, kanieneo ya wastani kwenye madirisha yote hukaribia kulingana, na modeli ya wastani itasema hewa haipiti kabisa. Aliyelala chumbani humo anajua kwamba inapita. Upepo huja kwa mafungu, husukuma na kuvuta, na kila fungu hubadilisha sehemu ya hewa ya ndani. Kuna mbinu za uigaji zinazofuata vizingia vikubwa kwa kila nukta ya sekunde, na hizo huuona upumuaji huo, ila ni ghali na zinahitaji kujua mafungu ya upepo wa mahali hapo yana nguvu gani na huja kwa mpangilio gani.

Hizo ndizo taarifa tunazokosa. Upepo wa kumbukumbu zetu mara nyingi ni wa uwanja wa ndege, uliopimwa kwa urefu wa mita 10 mahali palipo wazi, kama kanuni za kimataifa zinavyotaka. Ni kipimo cha heshima, na bila Mamlaka ya Hali ya Hewa tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini upepo huo sio ule unaoingia Kariakoo, ambako nyumba za chini zimepisha maghorofa yaliyobanana na kila jengo jipya linapindisha hewa ya jirani yake. Mwaka 1965, tarehe 1 Novemba, minara mitatu kati ya minane ya kupozea maji iliporomoka kwa upepo katika kituo cha umeme cha Ferrybridge, Uingereza. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 110. Walioisanifu walikuwa wametegemea majaribio ya mnara uliosimama peke yake na kasi ya wastani wa upepo, ilhali minara ilijengwa kwa kundi, na mafungu ya upepo hayangoji wastani. Iliyoanguka ni ile ya nyuma, iliyopokea hewa iliyokwisha kuvurugwa na ile ya mbele. Mhandisi anayeigiza ghorofa lake likiwa limesimama peke yake kwenye uwanja mtupu wa kompyuta anarudia kosa lilelile kwa zana mpya.

Hatuna sababu ya kudhani kwamba kupima ni kazi ya wengine. Mwaka 1982 J. H. Kinuthia na G. C. Asnani, wakifanya kazi Kenya, walieleza mkondo wa upepo mkali uliokuwa haujulikani kwa wanasayansi, unaopita bondeni kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuelekea Ziwa Turkana. Walioishi Marsabit na Loiyangalani walikuwa wakiujua tangu zamani. Kinuthia na mwenzake waliupa namba, kwa maputo yaliyorushwa na kufuatwa kwa macho na chombo cha pembe. Leo katika ukanda huohuo kuna mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Na kule Magoda, mkoani Tanga, watafiti na wasanifu walijenga nyumba sita za majaribio, wakapima joto na kuhesabu mbu usiku baada ya usiku, wakizilinganisha na nyumba za kawaida za kijiji. Nyumba zenye kuta zinazopitisha hewa na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa juu zilikuwa na ubaridi wa kupendeza na mbu wachache. Matokeo hayo yana uzito kwa kuwa kuna watu waliolala ndani na vyombo vilivyokesha.

Ombi langu, basi, ni hili: Afrika Mashariki ijenge nyumba yake ya kupimia upepo. Isiwe mchemraba. Iwe na umbo tunaloishi ndani yake: paa la mabati la migongo miwili, uwazi kati ya ukuta na paa unaoweza kufungwa na kufunguliwa, ukumbi wa kati, madirisha ya nyavu. Vihisio vya kanieneo viwekwe kwa wingi kwenye kingo za paa. Anemomita za kunasa mafungu ya upepo ziwe kwenye mlingoti wa mita 10, usawa wa paa, na ndani ya vyumba. Vyombo visizimwe kwa mwaka mzima, ili tupate kaskazi, kusi na maleleji kati yake. Moja iwe pwani. Ya pili, fedha zikiruhusu, iwe bara, mahali kama Dodoma ambako upepo na ukavu vina tabia nyingine. Data zote ziwekwe wazi, kama zilivyowekwa programu ambazo sisi wenyewe tunazitumia bure. Gharama yake si ndogo, lakini mihimili yake mingi ni saruji, mabati na uvumilivu, ambavyo tunavyo.

Upande wetu wa jarida tunaanza na tunachoweza kukiamua. Mwaka 1986 jarida la Journal of Fluids Engineering la wahandisi mitambo wa Marekani lilitangaza kwamba halitachapisha hesabu za giligili ambazo mwandishi hakuchunguza usahihi wake kinamba. Wapo walioona ni ukali, lakini fani ilinufaika. Kuanzia toleo lijalo nasi tutadai mambo matatu kwa kila makala ya uigaji: hesabu irudiwe kwa seli zilizopunguzwa ukubwa hadi jibu liache kubadilika, modeli ya msukosuko itajwe pamoja na sababu ya kuichagua, na matokeo yalinganishwe na kipimo, kiwe cha mwandishi mwenyewe au kilichochapishwa na mwingine. Asiyekuwa na maabara asikate tamaa. Data za mchemraba wa Silsoe zimo katika machapisho, na kuipitisha modeli yako kwenye mtihani huo kabla ya kuileta Kariakoo ni kazi ya wiki chache. Mswada ambao namba zake zimekataa kulingana na kipimo, na mwandishi akaeleza kwa nini anadhani zimekataa, tutaupokea kwa mikono miwili.

Vyuo vyenye kiwanja kisichozibwa upande wa bahari vituandikie kabla kusi haijaanza. Tunahitaji kwanza mlingoti mmoja na anemomita zake, maana vipimo vya upepo wa mahali ndivyo vitakavyotuambia nyumba ielekezwe wapi.