Hasira Isemwe, Isifichwe

Wahenga walinena, hasira ni hasara. Methali hii sote tunaijua, tena tumeiandikia insha tangu shule ya msingi. Lakini ndugu msomaji, je, kuna aliyewahi kukufundisha hiyo hasira ikishaingia moyoni unaifanyia nini? Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo ningependa tusikilizane.

Hapa kwetu Ndara mwanafunzi wa shule ya kutwa huja darasani na mengi. Pengine usiku tembo wameingia shambani, nyumba nzima haikulala, na mahindi yamekwisha. Asubuhi amechelewa, anaambiwa akafyeke nyasi. Mchana mwenzake anamcheka viatu. Anafura, ngumi inaruka! Ataadhibiwa kwa ile ngumi, na ni haki. Lakini ile hofu ya usiku na aibu ya viatu, nani ameuliza?

Tusidhani ni jambo dogo. Mwezi wa Machi mwaka 2001, wanafunzi 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, na wanafunzi wenzao wawili wakashtakiwa. Mwaka uo huo serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni. Kiboko kilikwenda, sawa, nami sikililii. Lakini pahali pake paliwekwa nini? Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha, ila mtu hupelekwa kwake akishaharibu. Ufa hatuuzibi, twangoja kujenga ukuta.

Wazee wetu Wataita walikuwa na njia yao. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi na mikosi. Kwa hiyo walikuwa na desturi ya kutasa: mtu alitia kinywani pombe ya miwa au maji, akayapuliza nje kama manyunyu, huku akitamka kwamba ameiacha hasira yake na kuwatakia watu heri. Mtaalamu Grace Harris, aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya mambo haya, kikachapishwa 1978. Siwaambii walimu walete pombe paredi, la hasha! Nasema tu kwamba wazee walijua jambo moja: hasira haitoki mpaka mwenyewe akubali kuwa anayo.

Basi shule ifanye nini? Kwanza, tufundishwe kuyataja yaliyo moyoni. Leo ukimuuliza mtu, "Uko aje?" atakujibu, "Fiti tu," hata kama ana donge kooni. Na Kiswahili chetu ni tajiri: hamaki, kinyongo, wahka, simanzi, kijicho, jitimai. Twayakariri kwa ajili ya KCSE, kisha hatuyatumii kwa nafsi zetu. Mwenye wahka si sawa na mwenye kinyongo. Mmoja ahitaji kutulizwa, mwingine ahitaji kupatanishwa.

Pili, tufundishwe kuzijua dalili mapema: moyo kwenda mbio, kifua kubana, mikono kutetemeka. Ukizitambua, waweza kutoka nje kidogo, uvute pumzi, unywe maji, kabla ulimi haujakuponza.

Tatu, tupewe dakika kumi kila Ijumaa. Darasa liketi, mwenye neno alitoe bila kuchekwa, na asiadhibiwe kwa kusema.

Najua wako watakaosema muda hakuna, silabasi haijaisha. Haya, na mwanafunzi aliyefura mbele ya kitabu anasoma nini? Atasoma ukurasa mmoja saa nzima! Wengine watasema mwanamume halii. Sawa, asilie, basi aseme.

Nafunga kwa ombi kwa wanachama wenzangu. Chama chetu cha Kiswahili ndicho chenye hayo maneno. Tusiwangoje walimu, Ijumaa ijayo tukikutana, tuanze sisi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu