Mpira Uko Wapi?

Mjomba wangu wa Kondele haoni. Presha ya macho ilimwibia mwanga polepole, lakini Gor Mahia haikuibwa. Juzi nilimpeleka uwanjani, hapa hapa upande wetu wa ziwa. Langoni, jamaa wa tiketi akamwangalia, akacheka: “Mzee, sasa wewe utaona nini?”

“Nimekuja kusikia, kijana. Nipe tiketi.”

Bado nina hasira, na si na jamaa huyo pekee. Sisi sote tumekubali uongo kwamba asiyeona mpira anakula makombo.

Mwaka 1987 mjomba alikuwa na macho mazuri kabisa. Hata hivyo, fainali ya Kombe la Washindi Afrika aliifuata kijijini kwa redio ya betri. Gor na Espérance walikuwa wametoka 2-2 kule Tunis. Kasarani ikawa 1-1, na mabao ya ugenini yakaleta kombe nyumbani. Wazee waliozunguka ile redio wote walikuwa hawaoni kitu. Nani aliwahurumia? Hakuna, kwa sababu mtangazaji alijua kwamba yeye ndiye macho yao.

Leo washa redio, sikiza. Jamaa anasoma odi za kampuni ya kubeti, anasalimia marafiki zake, anabishana na mwenzake kuhusu Arsenal, halafu ghafla: “Gooool!” La nani? Limetoka upande gani? Amepiga kwa kichwa au kwa mguu? Hujui. Wanatangaza kana kwamba sote tuko mbele ya skrini. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alijenga jina kwa sauti. Hawa wanajenga jina kwa kelele.

Na msiniambie haiwezekani. Kombe la Dunia la Qatar 2022 lilikuwa na watangazaji maalum wa kuwaelezea mashabiki wasioona, kwa Kiarabu na Kiingereza. Hapa kwetu hatuhitaji hata mitambo ya ajabu: mtu mmoja anayejua mpira, maikrofoni, na masafa ya FM. Msitutume kwenye intaneti. Ile inachelewa, jirani anashangilia goli wakati sikioni mwako bado ni goli kiki.

Siku hiyo redio zilitunyima mechi, nikawa mtangazaji mimi. Niliacha chuo, lakini nikadhani kazi hii naiweza. Wapi! “Aaai! Si angepiga tu!” Mjomba akanifinya mkono.

“Okewa, mpira uko wapi?”

Nikaanza upya. Winga ya kulia. Hatua tano kutoka kwa kona. Beki amejaa. Anarudisha kati. Mjomba akaegemea mbele, na kabla uwanja haujalipuka alishasimama.

Watangazaji, mjomba ameshalipa tiketi. Mwambieni mpira uko wapi.