Ahadi ya Programu Huria Iheshimiwe

Ahadi ni deni. Wahenga waliosema hivyo hawakuijua kompyuta, lakini busara yao yawahusu watengenezaji wa programu huria.

Septemba 2019 lilitolewa toleo la 8 la CentOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotumiwa bila malipo na vyuo, ofisi na makampuni mengi duniani. Watumiaji walielezwa kwamba toleo hilo lingehudumiwa hadi 2029. Wakahamishia kazi zao humo kwa imani. Lakini Desemba 2020 ilitangazwa kwamba huduma ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ilifutwa kwa tangazo moja.

Wapo wasemao kwamba cha bure hakidaiwi. Hoja hiyo ni potofu. Mtumiaji hatoi fedha, lakini hutoa jasho: hufundisha wafanyakazi, huhamisha kumbukumbu, hujenga kazi yake yote juu ya toleo alilolichagua. Programu isiyopata tena marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Kutunza toleo la zamani ni kulichukua kila rekebisho jipya na kulipandikiza katika kazi ya kale. Ni kazi nzito isiyo na sifa, na mara nyingi hubebwa na wachache. Ndiyo maana mwaka 2023 ilielezwa kwamba matoleo mapya ya muda mrefu ya kiini cha Linux yangehudumiwa miaka 2 badala ya 6. Uamuzi huo ulikuwa mchungu, lakini matoleo yaliyokwisha kuahidiwa hayakunyang'anywa muda wao. Hiyo ndiyo tofauti.

Ubuntu nayo ina funzo. Tangu 2004 hutoa toleo kila miezi sita, na kila miaka miwili moja huteuliwa kwa huduma ya muda mrefu. La kwanza la aina hiyo lilitazamiwa Aprili 2006. Lilipoonekana halijapevuka, lilisogezwa hadi Juni, na watu wakaambiwa mapema.

Basi watengenezaji waahidi kile tu wanachokiweza, na tarehe ya mwisho ijulikane tangu siku ya kwanza. Watumiaji nao waisome tarehe hiyo kabla ya kuanza, si baada ya kuathirika. Na wale wanaovuna zaidi, yakiwamo makampuni na serikali, washike jembe pamoja na wanaolima.