WAZEE WETU: Babu Tom, kijana aliyepeleka chakula



Mwezi huu ukurasa wa wazee unatoka nje ya kambi. Tunamkumbuka babu mmoja wa mbali, ila maisha yake tunayaelewa kuliko watu wengi. Ni Tom Lantos, aliyefariki Marekani tarehe 11 Februari 2008, akiwa na miaka 80.

Alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Mwezi wa tatu 1944 askari wa Hitler waliingia nchini mwao. Tom alikuwa na miaka 16. Akapelekwa kambi ya kazi za lazima. Akatoroka, akakamatwa, akapigwa sana. Akatoroka tena, akajificha kwa jamaa yake katika nyumba iliyolindwa na ubalozi wa Uswidi.

Nyumba kama hizo zilikuwa kazi ya Raoul Wallenberg, mwanadiplomasia wa Uswidi. Bwana huyo alikodi majengo, akatundika bendera ya nchi yake, akagawa hati za ulinzi kwa maelfu ya watu waliotupwa na serikali yao wenyewe. Sisi tunaojua uzito wa karatasi yenye muhuri, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Tom alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu na macho ya bluu, hivyo hakutambulika haraka. Akavaa sare ya kijeshi, akawa anapita mitaani kuwapelekea chakula na dawa Wayahudi waliojificha. Angegunduliwa, basi, angeuawa.

Vita ilipokwisha, mama yake na jamaa wengine walikuwa wameshauawa.

Mwaka 1947 alipata nafasi ya masomo Marekani. Hela hana. Mali yake ilikuwa soseji moja kavu ya kwao, nayo watu wa forodha wakaichukua! Tunajua mtacheka, mambo ya mipakani mnayajua. Akasoma uchumi mpaka udaktari, akafundisha chuo kikuu San Francisco. Mwaka 1980 watu wa California walimchagua kuwa mbunge. Alikaa bungeni miaka 27, mpaka kufa, na hakuna mwingine aliyenusurika mauaji yale ya Wayahudi aliyewahi kuingia bunge la Marekani. Kiingereza chake kilibaki na lafudhi ya nyumbani mpaka mwisho.

Kiti kile alikitumiaje? Wallenberg alichukuliwa na askari wa Usovieti Januari 1945, hakurudi tena. Mwaka 1981 Tom alisimamia sheria ya kumpa uraia wa heshima wa Marekani. Na mwaka 2006, akiwa mzee wa miaka 78, alikubali kukamatwa na polisi mbele ya ubalozi wa Sudan mjini Washington, kwa ajili ya watu wa Darfur.

Nyumbani alikuwa babu. Yeye na mkewe Annette, naye pia mtu wa Budapest, walizaa mabinti wawili tu. Mabinti hao waliwaahidi wazazi wao kuzaa watoto wengi, ili ukoo uliofutwa usimame tena. Wajukuu wakazidi 15.

Kwa nini tunawaambia haya? Vijana wetu wengi husema watafanya kazi ya watu wakishafika nchi nyingine, wakishapata karatasi. Lakini Babu Tom alianza utumishi akiwa mafichoni, hana karatasi ya maana, mkononi ana chakula cha wengine. Kijana anayembebea bibi mgao wake, mama anayewatafsiria wagonjwa zahanati, mzee anayetuliza ugomvi bombani: hao ni watumishi wa watu tayari, leo hii.

Na jambo la pili. Tom hakumsahau aliyemwokoa, akalitaja jina lake mpaka sheria ikaandikwa. Humu kambini kila mzee ana mtu wake kama huyo: aliyemficha, aliyemvusha mto, aliyempa maji njiani. Wazee wetu wakiondoka kimya, na majina hayo yanazikwa nao.

Basi jioni moja mwezi huu, enyi wajukuu, kaeni na babu au bibi, mumwulize: nani alikusaidia ukafika hapa? Andikeni jina hilo kwenye daftari la shule.

Mpaka mwezi ujao, mbaki na amani.