Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Yupi Apone?

Wahitimu wengi, mara baada ya kuvua joho, hufunga mizigo na kuuacha mji uliowasomesha. Wachache hubaki. Mimi ni miongoni mwa waliobaki Dodoma tangu miaka ya mwanzo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na makala haya nawaandikia kwanza wenzangu wa kundi hilo. Je, kubaki kwetu kunatupa haki gani, na kunatudai nini?

Mabadiliko tuliyoyashuhudia si madogo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miongo minne ulionekana zaidi katika nyaraka kuliko mitaani. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia kwa dhati. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi wapatao 411,000. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Mtumba pamekuwa Mji wa Serikali, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatuunganisha na Dar es Salaam.

Mbele ya kasi hiyo, sisi wakazi wa siku nyingi huanza kulalamika kwamba Dodoma ya zamani imepotea: ule utulivu, pango nafuu, foleni zisizokuwepo. Malalamiko haya yana udhaifu mkubwa. Wagogo waliishi, walilima na kufuga hapa kabla ya chuo na kabla ya wizara. Kwao, sisi wanafunzi tulikuwa wimbi la kwanza la wageni, na ujio wetu pia ulipandisha bei ya vyumba. Kutangulia kwa miaka kumi hakumpi mtu hatimiliki ya mji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni busara kuuliza ni mwenyeji yupi aliyepona. Aliyekuwa na kiwanja kilichopimwa, thamani ya mali yake imepanda akiwa amelala. Mpangaji, mama lishe, mwanafunzi asiye na nafasi bwenini na mtumishi wa ngazi ya chini wanasogezwa pembezoni kila mwaka, na nauli ya kurudi mjini wanailipa wao. Ustawi wa jiji hauwezi kupimwa kwa majengo ya wizara pekee ilhali wanaoyafagia wanaishi mbali nayo na bila huduma.

Kuna jambo la pili: maji. Dodoma ni nchi kame, na kwa miaka mingi jiji limetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Serikali inaweza kuongeza ghorofa kwa amri na bajeti. Haiwezi kuongeza mvua. Ujenzi ukilivamia bonde linalohifadhi maji hayo, hasara itamfikia mwenyeji na mgeni kwa pamoja.

Hapa ndipo ninapoiona dhamana ya waliobaki. Mipango ya mji huandikwa na watu wanaohamishwa kituo, lakini athari zake huishi na wasiohama. Anayekumbuka hati za miaka 33 za enzi ya mamlaka iliyovunjwa, na hofu waliyokuwa nayo wakazi juu ya ardhi yao, anaweza kumweleza afisa mpya kwa nini mwananchi husita anaposikia neno upimaji. Kumbukumbu hiyo ikiishia katika mazungumzo ya kahawa, haimfai mtu.

Kwa hiyo, tuhudhurie mikutano ya mitaa yetu na kuuliza habari za mitaro, maeneo ya wazi na masoko. Wanafunzi wa jiografia, sheria na uchumi waichague Dodoma kuwa uwanja wa tasnifu zao, kisha matokeo wayapeleke kwa kata husika, yasibaki kwenye rafu za maktaba. Nanyi watumishi mliofika juzi, msiishi hapa kama wasafiri wanaosubiri Ijumaa wapande treni. Watoto wenu wanakunywa maji ya Makutupora sawa na wetu.